Kelele Kwanza, Redio Baadaye: Masafa Mafupi Ndani ya Dar es Salaam

Redio nyingi za masafa mafupi (SW, yale yanayoleta vituo vya nchi za mbali) zinazonunuliwa Dar huishia kabatini kabla wiki haijakatika. Mtu anaiwasha sebuleni saa 7 mchana, pembeni ya televisheni, anasikia mvumo kama wa mashine ya kusaga nafaka, anaizima. Anasema redio ni mbovu, au masafa mafupi yamekufa. Mara nyingi si hili wala si lile. Ni chaja ya simu iliyochomekwa ukutani, nusu mita kutoka kwenye antena.

Kwa hiyo, kabla ya kuzungumzia redio ipi ununue, tuzungumzie nyumba yako. Hata redio ya gharama kubwa haisikii kitu ikikaa katikati ya kelele, na redio ya bei ya chini ikitolewa barazani, mbali na nyaya za umeme, inaweza kukushangaza.

Kelele hizi zinatoka wapi? Karibu kila kifaa cha siku hizi kinachopunguza umeme wa volti 230 kufanya kazi zake ndogo kina saketi inayowasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Kuwaka na kuzima huko kunazaa mawimbi, na mawimbi hayo yanaangukia kwenye masafa ya kati na masafa mafupi. Balbu za LED za bei rahisi, adapta ya king'amuzi, chaja za simu, inveta ya sola, kidhibiti cha mwendo cha feni ya dari: vyote ni watuhumiwa. Nyaya za umeme za nyumba nazo husambaza kelele hiyo chumba hadi chumba, kama bomba linavyosambaza maji. Nje kuna bodaboda na bajaji ambazo plagi zake hutoa mlio wa tatata unaokuja na kupita, lakini hizo hazikai. Kinachokuua ni kile kinachokaa.

Kumtafuta mchawi ni kazi ya dakika 20, na chombo cha kumtafutia ni redio yenyewe. Itoe kwenye chaja, itumie kwa betri tu. Iweke masafa ya kati, AM, kwenye sehemu isiyo na stesheni. Ongeza sauti hadi usikie mvumo vizuri. Sasa nenda kwenye meni swichi, uzime umeme wa nyumba nzima. Kama mvumo umekatika kama uliokatwa kwa kisu, mchawi yuko ndani. Washa tena, kisha zima breka moja moja hadi ujue yuko chumba gani. Ukishafika chumbani, chomoa kifaa kimoja kimoja. Kuzima kwa swichi ya kifaa hakutoshi. Lazima kichomoke, maana king'amuzi kilichozimwa kwa rimoti bado kinakula umeme na bado kinapiga kelele.

Kuna mbinu nyingine inayosaidia kujua upande. Ndani ya redio nyingi, ukutani mwa juu, kuna fimbo nyeusi ya feraiti iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Hiyo ndiyo antena ya masafa ya kati. Ile ya kuvuta haihusiki hapo. Shika redio kifuani na uizungushe polepole kama mtu anayetafuta kibla. Kuna mahali mvumo utanywea ghafla. Hapo fimbo imeelekeza ncha yake kwenye chanzo, kwa hiyo mchawi yuko kwenye mstari wa fimbo hiyo, kuliani au kushotoni mwako. Rudia ukiwa umesimama mahali pengine, na mistari miwili itakapokutana ndipo penyewe.

Kama umezima meni swichi na mvumo haujapungua, kelele ni ya jirani au ya nguzo ya umeme. Hapo dawa ni umbali. Mita tatu kutoka ukutani zinaleta tofauti kubwa, mita kumi zinaleta redio nyingine kabisa. Nyumba ya zege yenye nondo, iliyoezekwa bati, huzuia mawimbi yasiingie na wakati huohuo imejaa nyaya zinazopiga kelele, kwa hiyo ndani unapata hasara mara mbili. Uani, barazani, juu ya ghorofa kwenye sehemu ya kuanikia nguo, ufukweni Kigamboni au Coco Beach upande usio na taa: hapo ndipo pa kusikilizia. Na umeme ukikatika mtaa mzima, kabla majenereta hayajaanza kuunguruma, toka na redio. Nusu saa ile ya giza ndiyo nafasi safi kuliko zote ndani ya jiji hili. Vituo dhaifu ambavyo wiki nzima vilikuwa vimefunikwa vinajitokeza kimoja baada ya kingine.

Kuna anayeuliza kama bado pana cha kusikiliza. Kweli, vituo vimepungua sana. Matangazo ya Sauti ya Amerika yalisimama Machi 2025, na mashirika mengi ya Ulaya yalikwisha kuhamia kwenye FM na intaneti. Lakini Wachina wamejaa kila bendi, idhaa za Kiarabu na za dini zipo tele, na mitambo ya Talata-Volonondry kule Madagaska hurusha vipindi vya mashirika mbalimbali kuelekea Afrika. Halafu mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikasuasua nchi nzima. Siku kama hiyo, redio isiyohitaji bando wala mnara wa karibu ina thamani yake.

Sasa tununue. Kariakoo utakuta redio za aina tatu, na unapaswa kuzitofautisha kwa macho kabla muuzaji hajakwambia, “Kaka, hii inashika dunia nzima.”

Ya kwanza ni ile yenye kisomeo cha flashi, bluetooth, tochi na paneli ndogo ya sola, na pembeni imeandikwa FM/AM/SW. Tazama kioo cha namba. Kama SW ni mstari mmoja unaoanzia 6 na kuishia 18 (hizo ni megahezi, kila moja ni kilohezi 1,000), piga hesabu kidogo. Hapo kuna kilohezi 12,000 zilizobanwa kwenye mstari wa sentimita 7 hivi, yaani kama kilohezi 170 kwa kila milimita. Vituo vya masafa mafupi hupangwa kwa hatua ya kilohezi 5. Maana yake milimita moja ya mshale inabeba nafasi 34 za vituo. Ukigusa kizungushio umeruka nchi tatu. Kwa kusikiliza muziki wa flashi haina ubaya, ila masafa mafupi yake yaone kama pambo.

Ya pili ni ya analogia iliyogawanya masafa mafupi katika vipande vingi, kwa mfano Tecsun R-9012 yenye vipande 10 vya SW. Vipande hivi, yaani bendi, huitwa kwa urefu wa wimbi: mita zikiwa nyingi, kilohezi ni chache. Kipande cha mita 31 kina kilohezi mia kadhaa tu kwenye urefu uleule wa kioo, hivyo kila kituo kinapata nafasi ya kupumua. Inakula betri mbili za AA na hudumu nazo muda mrefu. Kwa anayeanza na hana fedha nyingi, hii tunaipendekeza bila kusita. Udhaifu wake ni mbili. Hutajua kwa uhakika uko kilohezi ngapi, na utakutana na vivuli. Kivuli ni kituo chenye nguvu kinachojitokeza mahali ambapo hakipo. Redio za namna hii hubadilisha mawimbi mara moja tu, kuyapeleka kwenye kilohezi 455, na kwa sababu hiyo kituo cha 9650 kinaweza kusikika pia ukiwa kwenye 8740, kilohezi 910 (455 mara mbili) chini yake. Ukisikia kituo mahali pa ajabu, panda kilohezi 910 juu. Ukikikuta huko kikiwa na nguvu zaidi, huko ndiko kwake.

Ya tatu ni ya kidijitali, unayoiandikia namba ya masafa. Tecsun PL-380 ni ya kawaida katika kundi hili: betri tatu za AA, na upana wa kuchujia unaochagua kutoka kilohezi 6 hadi 1 (ukiubana, kituo cha jirani hakiingilii). Tecsun PL-330 na XHDATA D-808 zimepanda daraja kwa sababu zina SSB (namna ya kurusha sauti wanayotumia wapenzi wa redio na marubani) na tundu la antena ya nje. Kwa maisha ya Dar, PL-330 ina jambo moja ambalo watengenezaji wala hawakutufikiria: inatumia betri ya BL-5C, ileile ya simu za kitochi za Nokia. Betri ikichoka, ya kubadilishia ipo kila kona ya Mtaa wa Aggrey. Unapoinunua, iweke juu ya kaunta ya kioo, uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, imevimba katikati, irudishe. Betri nzima hulala bapa na kukataa kuzunguka. D-808 inatumia 18650, ambayo nayo hupatikana, ila nyingi zimeandikwa uwezo ambao haziwezi kuufikia. Betri ya 18650 iliyoandikwa zaidi ya mAh 4,000 usiitoe dukani.

Kupima redio dukani Kariakoo mchana ni kazi ngumu, kwa sababu duka lenyewe limejaa taa za LED. Usitegemee kusikia kituo. Pima vitu vingine. Vuta antena yote, gusa ncha yake kwa kidole ukiwa kwenye SW: mvumo ubadilike waziwazi. Usipobadilika, waya wa antena ndani umekatika, au bendi hiyo haifanyi kazi. Zungusha sauti kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikikwaruza kama mchanga, kizungushio kimechakaa. Chomeka spika za masikioni, zitikise kidogo, usikie kama upande mmoja unakatika. Fungua mlango wa betri, utazame springi: ziwe zinang'aa, bila unga wa kijani wala mweupe. Kwa redio ya mtumba hili la springi ni nusu ya ukaguzi wote. Kama muuzaji anakubali, kubaliana naye urudi saa 11 jioni, mtoke nje ya duka, mjaribu kati ya kilohezi 11600 na 12100. Ukishafika nyumbani na redio ya kidijitali, hakikisha hatua ya masafa ya kati iko kwenye kilohezi 9. Nyingine hutoka kiwandani na hatua ya 10 ya Marekani, na kwa hatua hiyo vituo vingi vya huku kwetu utavikosa au utavisikia pembeni pembeni.

Saa ya kusikiliza ina uzito kuliko jina la redio. Mchana, jua hujenga tabaka la chini angani linalomeza masafa ya chini, hivyo mita 49 na 41 zinakuwa kimya kama kaburi. Masafa ya juu hupenya tabaka hilo, hugonga tabaka la juu zaidi na kurudi duniani mbali. Kwa hiyo saa 6 mchana tafuta mita 19 (15100 hadi 15800) na mita 16 (17480 hadi 17900). Jua likielekea kuzama, shuka mita 25 na 31, yaani 11600 hadi 12100 na 9400 hadi 9900. Hizi mbili ndizo shamba letu la jioni. Baada ya saa 4 usiku, nenda 7200 hadi 7450, kisha 5900 hadi 6200. Alfajiri rudia njia hiyo kinyume. Hapa kwetu jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, kwa hiyo ratiba hii haibadiliki sana, tofauti na wenzetu wa Ulaya ambao majira huwavuruga.

Mara nyingine jioni, saa moja au mbili baada ya jua kuzama, sauti kutoka Ulaya hutetemeka harakaharaka kama mtu anayeongea huku feni inazunguka mbele ya mdomo wake. Redio yako ni nzima. Mawimbi hayo yamevuka anga la ikweta, ambalo saa hizo huchafuka. Subiri, au hamia kituo kinachotoka kusini.

Ratiba za vituo huandikwa kwa saa za UTC, saa ya pamoja ya dunia, na hapa Mswahili ana bahati. Wengine huongeza tatu kupata saa ya hapa. Wewe toa tatu, upate saa ya Kiswahili moja kwa moja. Ratiba ikisema 0600, sita toa tatu ni saa 3 asubuhi. Ikisema 1630, toa tatu ni 13:30, ondoa 12, ni saa 1 na nusu usiku. Andika kwenye daftari kwa saa zetu, usihangaike na hesabu gizani. Ratiba hubadilika mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Ikiwa kituo chako cha kila jioni kimepotea ghafla Jumatatu inayofuata, usilaumu redio; kimehama. Orodha ya EiBi, ambayo ni faili la maandishi tu na ni ya bure, itakuonyesha kimehamia wapi.

Watu wakishaizoea redio hutaka waya, na hapa wengi hukosea kwa kuzidisha. Waya wa mita 30 kwenye redio ndogo ndani ya Dar ni balaa. Stesheni za jijini zenye nguvu hujaa kwenye redio, na unaanza kusikia muziki wa FM chini ya kila kituo cha masafa mafupi. Mita 5 hadi 7 zinatosha. Chukua waya wa shaba wenye ganda, ule mwembamba wa umeme kutoka duka la vifaa vya ujenzi unafaa. Menya sentimita 2 za ncha moja, zifunge kwenye klipu ya mamba, uibane kwenye antena ya kuvuta. Ncha ya pili ifunge kwa kamba ya manila kwenye mwarobaini au mnazi, waya wenyewe usiguse mti. Usipitishe juu wala karibu ya nyaya za umeme, na usifunge kwenye bati. Ukisikia dalili za kujaa, toa klipu, na badala yake zungusha waya pamoja na ganda lake mara nne au tano kwenye antena. Mawimbi yataingia kidogokidogo na kelele za jiji zitapungua. Swichi ya LOCAL/DX, kama ipo, iweke LOCAL, ipunguze nguvu inayoingia.

Kuna waya wa pili ambao watu wachache huujua na ndio unaoleta tofauti kubwa. Kipande kingine cha mita 5, kilale chini kwenye udongo au sakafu, ncha yake iungwe na sehemu ya chuma ya plagi ya spika za masikioni iliyo karibu kabisa na mpini wake. Redio ndogo haina ardhi ya kuegemea. Ukiipa, vituo hafifu hupanda.

Masika na vuli, radi ikianza kusikika hata kwa mbali, waya wa nje utoke kwenye redio na ubaki nje ya dirisha. Si lazima radi ipige nyumba. Chaji inayojikusanya kwenye waya inatosha kuua transista ya kwanza ya redio, na ukipeleka kwa fundi utaambiwa redio inawaka, FM inashika, ila SW imekufa. Kabla ya kuurudisha waya, ugusishe kwanza kwenye chuma kilichozama ardhini.

Kwa wenye SSB: usiku sikiliza 7000 hadi 7200 kwa LSB (upande wa chini wa SSB), mchana 14000 hadi 14350 kwa USB (upande wa juu, si tundu la chaja). Hao ni wapenzi wa redio wanaoongea wao kwa wao, na wa Tanzania alama zao za utambulisho huanza na 5H. Kwenye 8879, kwa USB, husikika marubani wanaovuka Bahari ya Hindi wakitoa taarifa za mahali walipo. Sauti ikiwa kama ya bata, sogeza masafa kwa hatua ndogo hadi igeuke ya binadamu.

Unyevu wa pwani na chumvi yake hula redio kimyakimya. Betri zikivuja, usikimbilie kukwangua kwa kisu. Kama ni alkalini, unga ule mweupe ni magadi makali: lowesha pamba ya kijiti kwa maji ya limau, paka, subiri itulie. Kama ni betri za kawaida za bei ya chini, uvujaji wake ni wa tindikali, hivyo fanya kinyume, tumia maji ya magadi. Kisha futa kwa spiriti, acha wazi hadi ikauke kabisa. Redio usiyoitumia wiki mbili, toa betri, iweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kukaushia vinavyokuja kwenye boksi la viatu. Antena ya kuvuta huvunjika inaporudishwa, kwa sababu watu huisukuma kwa kuibonyeza ncha. Irudishe kwa kushika kipande kimoja kimoja, ukianza na kinene cha chini. Ikishavunjika, pima kipenyo cha skrubu ya shina na urefu wake ikiwa imefungwa kabla hujatoka nyumbani, maana za kubadilishia zipo za saizi nyingi na zote zinafanana kwa macho.